Pingili na Chupa: Historia ya Nyasi Chotara Kando ya Mlima Meru

Mtu apandaye mteremko wa mlima Meru kutoka soko la Tengeru, siku yo yote ya juma, hukutana njiani na kinamama na vijana waliojitwika matita ya majani mabichi, marefu kuliko wao wenyewe. Ni mabingobingo. Hukatwa kingoni mwa mashamba, juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko na kando ya mifereji, yakapelekwa kwa ng'ombe mmoja au wawili wasiotoka zizini. Mpita njia huyaona kuwa ni majani tu. Mimi pia niliyaona hivyo kwa miaka mingi, kwa kuwa kazi yangu ni lugha na vitabu vyake, wala sikusomea mimea. Nililazimika kuyatazama mara ya pili kwa sababu ya migomba mitatu, ambayo habari zake nitazieleza mahali pake.

Mabingobingo hayapandwi kwa mbegu. Mkulima hukata shina, akalitenga pingili pingili, kila pingili ikiwa na jicho lake, akazifukia kwa mshazari katika udongo, mvua ikanyesha, majicho yakachipua. Kila chipukizi ni mwili wa mama yule yule uliohamia mahali pengine. Hana baba. Akipata mkulima shina moja zuri kwa jirani, amepata uzuri wote wa shina lile. Na akipata lenye ugonjwa, amepata ugonjwa wote. Desturi hiyo ya kupanda mwili badala ya mbegu ndiyo mlango wa habari zote zifuatazo, maana chupa ya maabara, ukiitazama kwa makini, ni pingili iliyofanywa ndogo sana.

Lakini kwanza yafaa tuulize kwa nini ng'ombe huyu hatoki zizini. Historia ya majani haya yaanzia katika ardhi. Wameru walikwisha kulima miteremko ya mashariki na kusini tangu zamani, na Waarusha wakaja upande wa magharibi yapata miaka ya 1830, wakitoka Arusha Chini, katika bonde lililo kusini ya Moshi. Wote walikuwa na migomba mlimani na malisho chini kwenye mbuga. Wajerumani walipokwisha kuitiisha nchi, walianza kuwagawia walowezi ardhi ya chini ya mlima, hata mashamba ya wageni yakauzunguka mlima kama pete. Wanahistoria wameiita pete ya chuma. Serikali ya Kiingereza iliyofuata haikuivunja pete hiyo. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyofanya kazi mwaka 1946, ilipendekeza kupangwa upya kwa ardhi za Arusha na Moshi, na katika utekelezaji wake Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwezi Novemba 1951. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikafa njiani. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kuwasemea watu wake, na kesi hiyo yajulikana na kila asomaye historia ya uhuru wetu.

Jambo moja katika kesi hiyo halitajwi sana, nalo ndilo linihusulo hapa. Ardhi ile ilichukuliwa ili walowezi wafuge humo ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Malisho ya mwenye ng'ombe yalitwaliwa ili yawe malisho ya ng'ombe wa mtu mwingine. Watu walirudi juu mlimani, ambako ardhi ilikuwa imekwisha jaa, na vizazi vilivyofuata vikagawana robo za ekari. Sisemi kwamba kumfungia ng'ombe zizini kuliletwa na mwaka 1951. Jirani zetu Wachaga walikuwa na desturi hiyo zamani mno, na ongezeko la watu peke yake lingetosha kuileta. Lakini mahali ambapo mbuga imekwenda na mashamba yamebana, ng'ombe hawezi tena kuyafuata majani. Ni lazima majani yamfuate ng'ombe. Kwa hiyo likatakiwa jani lililo refu, lenye kuota upesi baada ya kukatwa, lisilodai zaidi ya ukingo wa shamba. Ukingo huo ndio malisho yaliyobaki.

Mabingobingo ni jani la Afrika. Wazungu walilipa jina la Kanali Napier wa Bulawayo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwashawishi watu wa kilimo wa Rhodesia walijaribu kama chakula cha mifugo, kana kwamba tembo na ng'ombe walikuwa wakilisubiri jina hilo ili walile. Kutoka hapo lilizunguka nchi nyingi za joto. Lina kromosomu 28 katika kila seli, yaani nyuzi 28 zibebazo urithi. Ndugu yake wa karibu ni uwele, nafaka iliyotokea ukingoni mwa jangwa la Sahara, upande wa magharibi, na ambayo babu zetu wa nchi kavu walikuwa wakiipondea ugali. Uwele una kromosomu 14. Mmoja ni mrefu na mgumu, huishi miaka. Mwingine ni laini, huishi msimu mmoja, lakini mbegu yake ni kubwa na jani lake lina lishe. Si ajabu kwamba wataalamu walifikiri kuwaoza.

Mwaka 1944 Glenn Burton, mzalishaji wa nyasi wa Tifton katika jimbo la Georgia, Marekani, alitoa habari za machotara wa mabingobingo na uwele. Watu wa Afrika ya Kusini na India nao walifanya kazi hiyo hiyo, na baadhi ya majina ya nyasi wanayoyasikia wafugaji wetu leo yametoka katika ndoa hizo. Mtoto huchukua nusu ya kromosomu za kila mzazi: 14 kwa mabingobingo, 7 kwa uwele, jumla 21. Chotara huyu hukua kwa nguvu, na majani yake ni mengi na laini kuliko ya mzazi wake mrefu. Lakini hana uzazi. Kromosomu 21 hazigawanyiki sawasawa katika kutengeneza mbegu, kama vile viatu 21 visivyoweza kupatana jozi jozi, na chavua yake hutoka ikiwa tupu. Ni kama nyumbu: ana nguvu za wazazi wawili, ila hana mjukuu. Njia pekee ya kumwongeza ni kurudi kwenye pingili.

Pingili ina aibu yake. Husafiri na maradhi. Katika Kenya ya kati, fugwe ya mabingobingo iliwaharibia wafugaji wengi majani yao katika miaka ya 1990, na hata wataalamu wa huko walipopata aina zenye kuistahimili, kama ile iitwayo Kakamega 1, aina zenyewe ziligawanywa kwa pingili vile vile. Huko magharibi ya Kenya ukazuka udumavu: shina hukatwa mara moja au mbili, kisha huchipua majani madogo ya manjano, mafupi, mengi yasiyo na faida, mwisho likafa. Kisababishi chake ni fitoplasma, kijidudu kisicho na ukuta wa seli kinachoishi ndani ya mirija ya utomvu, na mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye, afyonzaye majani. Uganda pia iliathirika. Mdudu huyo husafiri kadiri ya mbawa zake. Mkulima mwenye tita la pingili begani husafiri mbali zaidi. Jirani mwema ampaye jirani mbegu ya majani aweza, bila ya kujua, kumpa na njaa ya ng'ombe wake.

Hapa ndipo chupa iingiapo.

Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliandika kwamba kila seli ya mmea, ikilishwa vema, yapasa kuweza kuwa mmea mzima. Yeye mwenyewe alijaribu na seli zake hazikugawanyika. Ilipita miaka mingi. Mwaka 1939 watu watatu, wawili Wafaransa na mmoja Mmarekani, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kulea donge la seli za mimea ndani ya chupa kwa muda usio na kikomo. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake walionyesha kwamba kiinitete kichanga cha mmea hukua vizuri kikinyweshwa maji ya nazi, na Frederick Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell akayatumia maji hayo hayo kulea seli za karoti, hata mwaka 1958 akapata karoti nzima kutoka katika seli zilizolegezwa ndani ya maji. Nakiri kwamba habari hii ilinifurahisha kuliko zote. Kinywaji ambacho mtu wa pwani humkaribishia mgeni wake kilikuwa ndicho maziwa ya kwanza ya mimea isiyo na mama. Baadaye ikajulikana ni vitu gani katika maji yale vifanyavyo kazi, na mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller wakaonyesha kwamba mizani ya vichocheo viwili, oksini na saitokinini, ndiyo iamuayo kama donge litatoa mizizi au machipukizi. Mwaka 1962 Toshio Murashige na Skoog wakatangaza mchanganyiko wa chumvi na vyakula ambao hadi leo hutumika katika maabara nyingi duniani.

Katika miaka hiyo hiyo Wafaransa Georges Morel na Claude Martin walionyesha, mwaka 1952, kwamba ukichukua ncha kabisa ya chipukizi la mmea wenye virusi, ncha ndogo kama chembe ya chumvi, waweza kulea mmea usio na virusi, kwa sababu maradhi aghalabu hayajafika pale juu. Kwa mwenye mabingobingo habari hii ni kubwa. Chupa yaweza kuivunja safari ya ugonjwa ambayo pingili huiendeleza.

Walakini nyasi zilikuwa kaidi. Karoti na tumbaku zilikubali mapema. Nafaka na nyasi zilikataa kwa miaka mingi. Majani yao yakikomaa, seli zake husahau haraka namna ya kugawanyika. Ufunguo uliopatikana una kinyume chake cha kuchekesha: ni 2,4-D, dawa iliyogunduliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambayo wakulima huitumia kuulia magugu ya majani mapana ndani ya mashamba ya mahindi na ngano. Dawa hiyo huliua gugu kwa kulifanya likue ovyo hadi life. Jani la jamii ya nyasi huivumilia. Katika chupa, kwa kipimo kidogo sana, dawa hiyo hiyo huzifanya seli changa za nyasi zianze kugawanyika zikawa donge, na ikipunguzwa au ikiondolewa, donge huota vijimea. Kwa mtu wa Arusha jambo hili lina utamu wake, kwani Ngaramtoni, umbali mfupi kutoka mjini, ndiko taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya nchi za joto ilikofanya kazi kwa miaka mingi, na uwanja huo huo umehifadhi pia benki ya taifa ya mbegu za mimea. Kiuacho na kitunzacho vilikaa ua mmoja.

Nyasi ya kwanza kufunua siri kubwa ilikuwa muwa. Nao ni chotara. Miwa ya viwandani ya leo imetokana na kazi ya Waholanzi kisiwani Java, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 waliuoza muwa mtamu na jamaa yake wa mwituni, mwembamba na asiye na sukari lakini asiyeugua ovyo. Watoto wao wana kromosomu zipatazo 100 hadi 130, fungu kubwa la urithi lililochanganyika kiasi ambacho mbegu yake haitabiriki, kwa hiyo muwa nao hupandwa kwa pingili. Huko Arusha Chini, walikotoka Waarusha wa zamani, miwa imelimwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1930, na mtu apitaye barabara ile huona maelfu ya ekari za mwili mmoja uliogawanyika.

Don Heinz na Grace Mee, waliofanya kazi kwa wazalishaji wa sukari wa Hawaii, walitangaza mwaka 1969 kwamba wamepata miwa mizima kutoka katika madonge ya chupani. Wangeweza kuishia hapo na kusifiwa. Lakini mwaka 1971 walitoa habari ya pili: miwa iliyotoka katika donge la muwa mmoja haikufanana yote. Mingine ilitofautiana kwa umbo, mingine kwa idadi ya kromosomu, mingine kwa kemikali za mwilini mwake. Walikuwa wamepeleka pingili moja chupani, wakarudishiwa ukoo. Huko Fiji, ambako muwa wa aina ya Pindar ulikuwa ukishambuliwa na ugonjwa uitwao kwa jina la visiwa hivyo, wataalamu walilifanya jambo hili kuwa chombo: walilea madonge ya Pindar, wakaotesha miche, wakaipambanisha na ugonjwa, na kuchagua iliyostahimili. Mmoja wa miwa iliyopatikana kwa njia hiyo uliitwa Ono. Mwaka 1981 Philip Larkin na William Scowcroft wa Canberra, Australia, walikusanya habari za namna hii kutoka katika mimea mingi, wakaupa mtawanyiko huo jina, utofauti wa kisomakloni, maana yake tofauti izaliwayo katika mwili na si katika mbegu. Na wakasema kwamba mzalishaji wa mimea amepewa hazina mpya.

Si wote waliokubali, na ubishi huo ndio sehemu ninayoiona tamu kuliko zote katika historia hii. Indra Vasil, mzaliwa wa India aliyefundisha Chuo Kikuu cha Florida, pamoja na mkewe Vimla na wanafunzi wake, walikuwa wakishughulika na nyasi hizi hizi zetu: uwele, mabingobingo, na chotara wao mwenye kromosomu 21. Kuanzia mwaka 1981 walionyesha kwamba ukichukua jani changa sana au suke lisilokomaa, donge lake laweza kutoa viinitete, mfano wa vile vya ndani ya mbegu, kila kimoja kikianza kwa seli moja au seli chache. Katika mwaka 1986 yalitangazwa matokeo ya chotara huyo aliyeoteshwa kutoka chupani na kupandwa shambani: miche mingi ilikuwa sawa na mzazi, michache haikuwa. Vasil akashikilia kwamba tofauti nyingi zilizoshangiliwa na wengine zilitokana na ulezi mbaya, madonge yaliyozeeka na kuparaganyika, na kwamba apitiaye njia ya viinitete vichanga hupata nakala iliyo karibu mno na asili. Kwa upande mmoja, basi, alikuwako mtu asemaye kwamba tofauti ni neema. Kwa upande wa pili, mtu asemaye kwamba tofauti ni uzembe.

Nadhani kila mmoja alisema kweli kuhusu chupa yake. Tofauti hutokea kwa njia kadhaa. Kromosomu zaweza kuongezeka maradufu, kukatika au kupotea seli zinapogawanyika haraka pasipo nidhamu ya mwili mzima. Kwa chotara wa kromosomu 21, kuongezeka maradufu si msiba: zikiwa 42, kila moja hupata mwenzake, na tasa aweza kuzaa, wataalamu hulifanya jambo hilo kwa makusudi kwa dawa ya kolkisini. Njia nyingine ni ya siri zaidi. Barbara McClintock, aliyekuwa akitazama punje za mahindi, yaani nyasi nyingine tena, alieleza tangu mwaka 1950 kwamba ndani ya urithi wa mmea kuna vipande vinavyohama mahali hadi mahali. Watu wengi hawakumsikiliza. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983 alisema kwamba seli ipatwapo na mshtuko mkubwa hupanga upya urithi wake, na miongoni mwa mishtuko aliyoitaja ni huo wa kulelewa chupani. Mwaka 1996 Hirohiko Hirochika na wenzake huko Japani walionyesha katika mpunga kipande kimoja hasa, kiitwacho Tos17, ambacho hulala kimya shambani, kikaamka na kujinakili seli zinapolelewa katika chupa. Mmea uliotolewa nyumbani kwake haukuwa umelala tu usingizi ukisubiri kupandwa. Ulikuwa ukihangaika.

Zipo pia tofauti ambazo herufi za urithi hazibadiliki, bali alama zilizo juu yake, zile ziamuazo ni sehemu ipi isomwe na ipi inyamaze. Wenye michikichi ya Malaysia waliilea chupani kwa matumaini makubwa, na baada ya miaka ya kungoja wakaona baadhi ya miche ikitoa maua yasiyo kamili, yasiyofanya mafuta. Ilichukua hadi mwaka 2015 kujua kwamba alama moja juu ya kipande kimoja kihamacho, kiitwacho Karma, ilikuwa imefutika. Mkulima wa mchikichi hungoja miaka kabla ya kuona tunda. Hasara yake haionekani siku anaponunua mche.

Sasa nirudi Tengeru na migomba mitatu. Mgomba si nyasi, lakini pia si mti. Ni jani kubwa lililojifunga likawa shina, nao kama mabingobingo chotara hauna mbegu, hupandwa kwa chipukizi. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, wamekuwa wakizalisha aina mpya za mchare, ndizi ya kupika ya Meru na Kilimanjaro. Kazi hiyo haiwezekani pasipo chupa, kwa sababu mbegu chache zinazopatikana kwa kuoza migomba huota kwa shida sana udongoni, hata kiinitete sharti kitolewe na kulelewa kwa chakula cha maabara. Hapo, chini ya mlima huu, chotara na chupa wameishi nyumba moja.

Lakini migomba yangu haikutoka huko. Shangazi yangu alinunua miche 20 ya Cavendish iliyotoka chupani, kwa muuzaji ambaye sina haja ya kumtaja, akaambiwa kwamba yote ni sawa sawa kama sarafu. Aliipanda kwa mistari, akaipa samadi. Kumi na saba ikapanda juu vizuri. Mitatu ikabaki mifupi, majani yake mapana yamesongamana, mikungu yake imebanana karibu na shina. Shangazi alidhani ni kosa la samadi, kisha akadhani ni jicho la mtu. Niliporudi likizo alinionyesha kwa huzuni, akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, hii ni nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba nitatafuta, na makala hii ni sehemu ya jibu.

Jibu ni kwamba migomba mifupi ndiyo tofauti itokeayo mara nyingi zaidi katika Cavendish za chupani. Katika migomba kwa jumla tofauti za chupani hutokea kwa kadiri mbalimbali: pengine chini ya mche mmoja katika mia, pengine makumi katika mia, kulingana na aina ya mgomba na idadi ya mara ambazo chipukizi limegawanywa na kugawanywa tena. Maabara yenye uangalifu huweka ukomo wa mizunguko, kisha hurudi shambani kuchukua chipukizi jipya. Isiyo na uangalifu hukaza kamba, kwa kuwa kila mzunguko ni fedha. Hili ndilo linaloniuma. Elimu ya miaka hamsini ilijua habari hii, toka Hawaii hadi Canberra, lakini haikufika mlangoni pa shangazi pamoja na miche. Alipewa neno "sawa sawa", nalo halikuwa kweli. Mwenye ekari mia hupoteza migomba kumi na tano katika mia akanung'unika. Mwenye miche 20 hupoteza mitatu, akapunguza ada ya shule.

Na tusisahau upande wa pili wa shilingi. Huko Taiwan, ugonjwa wa mnyauko ulipokuwa ukiteketeza mashamba ya Cavendish, wataalamu walichunguza maelfu ya miche ya chupani wakitafuta ile iliyokuwa tofauti, na kutoka humo wakapata migomba inayoustahimili mnyauko, ikapandwa na wakulima. Kasoro ya chupa ilikuwa ndiyo kinga. Ugonjwa huo umekwisha fika Msumbiji, ulikotangazwa mwaka 2013, na hapana mlima wala mpaka uuzuiao udongo uliogandamana na kiatu. Kwa majani ya ng'ombe hesabu ni hiyo hiyo. Shina moja la mabingobingo likisambazwa kwa pingili hadi likajaza kingo zote za mteremko, fitoplasma ikifika hupata meza iliyokwisha andaliwa. Miche safi ya chupani yaweza kuikatisha safari ya ugonjwa, lakini ikitoka yote katika ncha moja, meza ni ile ile; na zile chache zisizofanana, ambazo muuzaji angezitupa kwa aibu, huenda mojawapo ndiyo itakayosimama.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba mkulima apewe miche isiyo na tofauti hata chembe, wala na wale wasemao kwamba tofauti zote ni hazina. Mchaguzi wa tofauti awe ni mwenye shamba la majaribio na mshahara wa mwezi, asiwe mama mwenye robo ekari. Mche ufikao kwake uje na habari zake: umetoka mama yupi, umegawanywa mara ngapi, na mingapi katika mia ilitarajiwa kuwa ya ajabu. Jambo hilo halihitaji maabara mpya. Lahitaji kipande cha karatasi, kilichoandikwa kwa Kiswahili asomacho mtu.

Shangazi nilimweleza haya yote jioni moja, tukiwa tumeketi karibu na zizi, naye akinisikiliza huku akikatakata mabingobingo kwa panga. Alipoelewa kwamba hapakuwa na jicho la mtu alifurahi zaidi kuliko nilivyotarajia, maana alikuwa amemshuku jirani fulani na moyo wake haukutulia. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitazamia. Mvua za masika yaliyopita zilikuja na upepo mkali, ukaangusha sita katika ile migomba mirefu. Mitatu mifupi haikutikisika. Na yule jirani aliyemshuku alikuwa amekuja juma lile lile, akiwa na jembe mkononi, kuomba machipukizi yake.